Ulanzi wa Asubuhi

Esnath hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Daktari alipomwambia kwamba ini la mdogo wake limechakaa, na kwamba Kasian asipoacha pombe watamzika, alijifunga kanga kiunoni akaanza kumtafutia watu wa kumsaidia. Mke wa Kasian alishaondoka na watoto. Aliyebaki ni dada mtu, na dada mtu huyo alikuwa na mdomo, nyie! Kilolo nzima inamjua.

Walianzia Iringa mjini, kwenye kikundi kilichokutana ukumbini. Kasian akasimamishwa mbele, akaambiwa atubu kwa sauti, na mama mmoja akamrekodi kwa simu. Kasian akatokea mlango wa nyuma, moja kwa moja kilabuni. "Mdogo wangu si ng'ombe wa mnada!" Esnath aliwafokea. Kikundi cha pili kilikuwa cha wanaume watupu waliosifiana kwamba wameacha gongo, sasa wanakunywa bia tu. Hapo hata hakufoka. Alimshika mdogo wake mkono wakaondoka.

Cha tatu kilikuwa mbali, Mbeya, chumba cha nyuma cha fundi cherehani aitwaye Abdul, mzee mpole ambaye naye aliwahi kulala mitaroni. Hakuna aliyehubiri. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakanywa chai ya tangawizi, kila mmoja akataja jina lake na kusema siku yake ilivyokwenda. Asiyetaka kusema alinyamaza. Esnath akamwacha Kasian huko akarudi Kilolo. Kasian alinyamaza majuma mengi, kisha siku moja akampigia dada yake simu.

"Dada, leo nimesema."

Akalia, na Esnath naye akalia huku, shambani, peke yake.

Abdul akampa kazi ya kupiga pasi nguo za wateja. Kasian akaanza kunenepa. Akawatumia wanawe salamu, wakajibu. Jamani, nani asingefurahi?

Mvua zilipokolea akaja Kilolo kusalimia. Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Majira hayo ndiyo ya kugema ulanzi, utomvu wa mianzi, na Esnath ana mianzi aliyoachiwa na mama yao. Ulanzi unaoshushwa alfajiri ni mtamu, huku tunauita mtogwa, na watoto hupewa kabla ya kwenda shule. Ukikaa mpaka jioni ndio unakuwa mkali, na huo ndio watu wanauita pombe. Ndivyo Esnath alivyolelewa. Tena mgeni hakai kinywa kikavu. Basi akamjazia kikombe cha bati, kile kile alichonywea utotoni, akampa kwa mikono miwili.

Kasian akakitazama tu. "Dada, Abdul alisema nisionje chochote."

"Alisema pombe. Hii ni pombe? Sukari tupu hii! Nimeushusha sasa hivi."

"Naogopa, dada."

"Unamwogopa nani, mimi? Utaurudisha mkono wangu?"

Hakuurudisha. Akanywa, akafumba macho, akanyoosha kikombe aongezewe, na Esnath, masikini wa Mungu, akaongeza huku akicheka kwa furaha. Mchana Kasian akaenda mwenyewe kwenye ndoo ya ulanzi. Jioni alikuwa kilabuni, na hakutoka huko kwa miguu yake.

Mvua zikaisha, Kasian hakurudi Mbeya. Macho yakaanza kuwa ya njano. Esnath akabembeleza, akatukana, akapiga magoti.

"Siwezi kuwatazama wale watu usoni," Kasian alisema. "Niache, dada."

Hakumlaumu hata mara moja. Hilo ndilo lililomtesa Esnath kuliko yote. Laiti angemtukana!

Akampigia Abdul. Akamwambia Kasian amerudia pombe. "Mwambie kiti chake kipo," Abdul akasema. "Akishindwa kuja, njoo wewe, mama. Ukikalie."

Akaenda, tena kwa hasira. Mbona Abdul hakusema wazi kwamba hata mtogwa ni marufuku? Ilimgharimu nini kusema? Kuanzia Makambako mpaka Chimala alikuwa anapanga maneno ya kumpasha. Alipofika alimkuta mzee anafuta kiti cha plastiki kwa kitambaa, na maneno yote yakamtoka kichwani.

Watu wakataja majina, mmoja mmoja. Zamu yake ikafika, akataja jina lake tu. Mwanamke aliyekaa jirani yake, Mwanaidi, akamuuliza kwa upole, "Na wewe, dada, unakunywa nini?"

"Sinywi," Esnath akasema. "Mimi nagema."

Hakuna aliyeelewa, ikabidi aeleze. Alieleza mianzi ya mama, mtogwa, kikombe cha bati, na yale maneno kuhusu mkono wake. Mdomo ule ambao Kilolo nzima inaujua ulitoa neno moja moja, katikati ya kilio.

"Yeye alikataa. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Sasa anakufa, na haniambii kitu."

Abdul hakumwambia asilie. Alimimina chai akamletea. Esnath akainuka kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na mama yake. Akakaa na kikombe mapajani mpaka chai ikapoa, na hakunywa. Hakuna aliyemlazimisha.