Keki ya Mwisho ya Clarrie

Watu wa Kurrajilla, mji wa wakulima wa ngano huko Australia, neno kashfa walikuwa wameliweka akiba kwa mambo makubwa, kama mchungaji aliyetoroka na mpiga kinanda. Mwaka ule walilitumia kwa keki, tena bila haya hata kidogo.

Merle Hatchard alikuwa ameshinda utepe wa buluu, zawadi ya kwanza, wa keki ya matunda makavu kwenye maonyesho ya kilimo, miaka kumi na mmoja mfululizo. Mwezi wa sita mumewe, Clarrie, akafariki. Mwezi wa tisa jaji akaikata keki ya Merle mbele ya watu, kisu kikatoka na unga mbichi. Sheria ya maonyesho ni moja tu: uoke kwa mikono yako mwenyewe. Watu wakatazamana.

Thelma, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, alimvuta Merle kando karibu na zizi la kondoo.

"Mwenzangu, sema tu yaishe. Zile za zamani ulikuwa unanunua wapi?"

Ukweli ulimfika Merle hadi kwenye ncha ya ulimi. Mwokaji alikuwa Clarrie, fundi wa kukata manyoya ya kondoo, na alioka mapazia yakiwa yamefungwa. "Jamaa wa baa wakijua, nimekwisha," alikuwa akisema. "Niapie, Merle." Naye akaapa. Na keki yake ya mwisho, aliyoioka kabla ya kuugua, ilikuwa bado kabatini ndani ya kopo, ikinywa taratibu ramu aliyoimwagia ili isiharibike. Merle angeipeleka hiyo, angeshinda na kuwafunga wote midomo. Hakuweza kuvumilia kuona mtu mwingine akiikata.

"Nilikuwa naagiza Melbourne," alijibu.

"Miaka yote hiyo? Na utepe unapokea, unatabasamu?"

"Miaka yote."

Akina mama wakamtoa kwenye zamu ya kuandaa chai. Kanisani benchi lake likawa lake peke yake, na simu ikanyamaza wiki nzima, kisha ya pili. Merle alidhani ujane ndio kilele cha upweke, kumbe kulikuwa na mwingine juu yake. Aliwakosa hata wale aliokuwa hawapendi.

Jumamosi moja alipita chini ya dirisha la baa, akamsikia Snowy, aliyekata manyoya na Clarrie tangu ujana.

"Maskini Clarrie," Snowy alikuwa akiwaambia wenzake. "Kalishwa keki ya dukani maisha yake yote, na hakulalamika hata siku moja. Yule alikuwa mwanamume."

Merle akakaza mwendo, ameuma midomo. Alipofunga mlango wa jikoni akaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi, hadi machozi yakamtoka. Akakigeukia kiti cha mumewe.

"Umesikia wanavyokuonea huruma?"

Alisubiri jibu kwa mazoea. Kisha akalifungua kopo, akakata kipande kimoja. Keki ilikuwa imeiva vizuri hadi katikati.