Mkono wa Komanda

Walimuua Sikuli kwanza. Alikuwa mlinzi wa kituo kidogo cha afya upande wa Mabalako, na Alhamisi ile, jua likiwa limeshapanda, alikuwa anafagia majani mbele ya mlango. Wanaume saba walitoka kwenye mashamba ya kakao wakiwa na bunduki na mapanga. Sikuli aliinua ufagio ajikinge. Panga likaukata ufagio, likamwingia shingoni. Aliketi chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha akalala.

Ndani, muuguzi Kyakimwa alikuwa ameshika kichwa cha mtoto mwenye mapunye, akimwonyesha mama yake namna ya kupaka dawa. Mama alimnyakua mtoto wake akaruka naye dirishani. Kyakimwa hakuwahi.

"Nani njo infirmière, muuguzi wa hapa?" aliuliza wa kwanza kuingia.

"Ni mimi."

"Unajuaka magonjwa ya ngozi?"

Alidhani amesikia vibaya. Damu ilikuwa inaingia chini ya mlango, na mtu huyu anauliza habari za ngozi.

"Ninajua kidogo."

Kitako cha bunduki kikamgonga mdomoni. "Batu banasema unajua sana. Beba sanduku ya dawa."

Walitembea msituni siku mbili, yeye na mateka wengine watano waliokamatwa mashambani, kila mmoja na mzigo wake. Siku ya pili mwanamume mmoja aliteleza kwenye kijito, gunia la mchele likalowa. Walimkata palepale, na gunia wakampa aliyekuwa nyuma yake. Kuanzia hapo Kyakimwa hakuangalia kitu kingine ila mahali pa kuweka mguu. Jino lake moja lilitoka akalitema bila kusimama.

Kambini aliona kwa nini wamemleta. Watu wote walikuwa wanajikuna. Wanaume wenye bunduki walikaa wakijisugua migongo kwenye magome ya miti. Wengine walikuwa na vidonda vyenye usaha viunoni na kwenye vifundo vya mikono. Mkubwa wao, ambaye walimwita Komanda tu, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini na darubini kifuani.

"Batu bangu hawalale," alimwambia. "Mulinzi anajikuna, adui anapita. Tunajua ni nani alituletea hii kintu. Balikuwa babili; mwenzake tulishamumaliza. Huyu tunakungojea wewe kwanza, useme ni dawa gani alitutupia."

Akaonyesha mti. Mtu alikuwa amefungwa pale kwa kamba, uso umevimba kwa kipigo. Aliitwa Abdias, mkulima wa Mbau, mateka wa miezi mitatu. Siku moja, akipika, aliondoa kigogo chenye moto kwa mikono mitupu, akakipeleka kando bila hata kukunja uso. Walimwona. Toka hapo akawa mlozi.

"Ye njo mulozi, infirmière," alisema Salomon, msaidizi wa Komanda, kijana mwembamba aliyekuwa akitembea na panga wazi mkononi. "Moto haimuume. Mutu gani moto haimuume?"

"Muniache nione kwanza," alisema Kyakimwa.

Alianza na mpiganaji aliyekuwa karibu. Kati ya vidole aliona vijistari vyembamba, vya kijivu, kama vilivyochorwa kwa ncha ya kalamu. Alichukua sindano, akafuata mstari mmoja hadi mwisho wake, akachokoa kidogo. Kwenye ncha kikabaki kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi.

"Komanda, unipatie ile kintu ya kuangaliaka mbali."

Alimwonyesha namna ya kuigeuza darubini, jicho upande mkubwa, na upande mdogo ukaribie kabisa ile ncha ya sindano. Komanda aliangalia. Akashtuka.

"Inatembea!"

"Ni mududu. Anachimba mu ngozi, anazaa mule. Hii ni bupele, inatoka kwa mutu inaenda kwa mutu, mu blanketi, mu nguo. Hakuna mulozi. Batu bote bapake dawa siku moja, kutoka shingo mpaka nyayo, hata mwenye hajikune. Nguo zote zichemshwe."

Wapiganaji walipokezana darubini, wengine wakicheka kwa kinyaa. Kwa dakika moja kambi ilifanana na mahali pa watu.

"Donc, basi, bupele ni mududu," alisema Salomon. "Na moto?"

Kyakimwa alimwendea Abdias. Mgongoni na mikononi alikuwa na mabaka yaliyopauka, makavu, yasiyotoka jasho wala kuwasha. Alibonyeza nyuma ya kiwiko chake, akaukuta mshipa wa fahamu umenenepa kama kamba ya kufungia mbuzi. Alikwisha kuuona ugonjwa huu mara mbili tu katika miaka kumi na sita ya kazi. Alimwambia Abdias afumbe macho, akavuta uzi wa pamba, akamgusa juu ya baka.

"Ukisikia nakugusa, onyesha na kidole."

Abdias alingoja. Kyakimwa aligusa tena, mara tatu, mahali tofauti. Abdias bado alikuwa anangoja, macho yamefumbwa, na watu wote waliona.

"Ni bukoma," alisema Kyakimwa. "Inaua kusikia mu ngozi. Iko na dawa, vidonge vya mwaka moja, ni vya bure, anapona. Na hapana rahisi kuambukiza."

Alipolitaja tu lile neno alijua amekosea. Watu walirudi nyuma. Mmoja alitema mate. Alikuwa amemwondolea Abdias ulozi na kumpa kitu ambacho kwao kilikuwa kibaya kuliko ulozi.

"Alitupikia chakula," alisema mtu.

Salomon alimpiga Abdias kwa ubapa wa panga, mbavuni, kisha usoni. Wengine wakaja na fimbo. Kyakimwa aliingia katikati, naye akapigwa, begani na kichwani, mpaka akaanguka magotini. Komanda hakupandisha sauti.

"Mutu wa bukoma hakai kwangu. Batu bote, basikie. Awe nani, awe wa nani. Salomon, umumalize."

Kyakimwa, pale chini, aliinua macho akamwangalia Komanda kwa mara ya kwanza kama alivyozoea kuwaangalia watu. Nyusi zake zilikuwa zimekatika miishoni. Ndewe za masikio zilikuwa nene, zenye vinundu. Kati ya vidole viwili vya mkono wa kulia kulikuwa na makovu ya kuungua, moja juu ya jingine, mahali mtu anaposhika sigara mpaka imwishie mkononi bila kujua.

Angeweza kumvuta kando na kumwambia kwa sauti ndogo. Ndivyo alivyofundishwa: habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Salomon alikuwa ameshainua panga.

"Komanda!" alisema. "Nitajuaje sikukosea? Nijaribishe kwa mutu muzima, batu baone tofauti. Fumba macho. Unipe mukono."

Komanda alicheka. Hakuwa mtu wa kuogopa pamba. Alinyoosha mkono wa kulia, akafumba macho.

Kyakimwa alimgusa mgongo wa mkono. Akamgusa kidole. Akamgusa tena. Alipomaliza alichukua sindano, akaichoma polepole kwenye ngozi, ikasimama yenyewe, na tone la damu likatoka.

"Anza basi," alisema Komanda, macho bado yamefumbwa.

Alipofumbua macho aliiona sindano imesimama mkononi mwake, akawaona watu wake walivyomwangalia. Akamtazama Kyakimwa. Hakuwa na hasira bado; alikuwa na uso wa mgonjwa yeyote anayengoja aambiwe.

"Ni nini hii?" aliuliza.

Salomon aliangusha panga, akachomoa bastola kiunoni, akampiga Komanda risasi kifuani kabla hajajibiwa.

Yaliyofuata hayakuwa na mpango. Walinzi wa Komanda walimmiminia Salomon risasi, wa upande wa Salomon wakawajibu, na watu waliokuwa wakicheka pamoja juu ya darubini wakawa wanauana kwa hatua kumi. Kyakimwa aliokota panga lililoanguka, akakata kamba za Abdias. Walitambaa kati ya maiti, kisha wakakimbia. Mwanamke mmoja wa mateka aliyekimbia mbele yao alipigwa mgongoni akaanguka. Hawakusimama.

Abdias alijua msitu wa upande ule. Alikwenda mbele siku mbili nzima, na ni Kyakimwa aliyegundua kwamba majani aliyokanyaga yalikuwa na damu. Unyayo wake ulikuwa umepasuliwa na kisiki, nyama wazi, naye hana habari. Alimfunga kwa kitambaa cha kichwani mwake.

Walitokea barabara ya Mbau. Askari wa kizuizi waliwaelekezea bunduki, wakawalaza kifudifudi matopeni, na mmoja akamkanyaga Abdias shingoni kwa sababu ya mabaka, mpaka ofisa wao, Kalala, mtu wa Kasai, alipoona koti jeupe la Kyakimwa lililogeuka jekundu. "Tika ye!" alifoka. "Waache! Ni muganga."

Abdias alianza vidonge vyake hospitalini Butembo. Ngozi itapona, Kyakimwa alimwambia, lakini vidole viwili vya mkono vilivyokuwa vimeshakunjamana havitanyooka tena.

Wiki ya tatu alimwambia na mengine, akiwa anamsafisha unyayo. "Nilijua batamuua Komanda. Wakati naomba mukono yake, nilijua."

Abdias aliviangalia vidole vyake vilivyokunjamana. "Mimi niko muzima," alisema. "Sina cha kukuambia, mama. Siwezi kumulilia."

Jumapili Kyakimwa alikwenda parokia, akamwomba padri Jacob amtaje marehemu katika misa.

"Jina?"

"Sijui jina yake, padri."

"Alikuwa nani kwako?"

Alifikiri kwanza, ulimi ukigusa pengo la jino. "Alikuwa mgonjwa," alisema. "Nilimpima, sikumwambia alichokuwa nacho."

Padri aliandika kitu, hakumwonyesha. Jumatatu Kyakimwa alipanda pikipiki kwenda Vuhovi kwa mama yake, akalala siku nne, na siku ya tano akaomba arudishwe kazini.