Kichwa Kisicho na Msiba

Miezi mitano vidole vya Hildegarda vilikuwa havina kazi ya maana. Tangu mumewe azikwe, hakuna saa aliyoipenda kama ile ya kumsuka bintiye Regina uani kwao Mabwerebwere, kichwa cha binti kimeegemea mapajani mwake, wakisimuliana mpaka jua linapungua. Sasa Regina alikuwa chuo cha uuguzi Mikumi, na kila misa mama alimtaja kwa Mungu arudi salama.

Alirudi Jumamosi, kitambaa kichwani. Akaamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, kitambaa kikavuliwa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kinang'aa.

Hildegarda alikaa chini palepale. Kwao mwanamke hunyoa akifiwa. Yeye mwenyewe alinyolewa siku ya tanga la mumewe.

"Nani kafa, Regina? Usinifiche."

Jirani yao Joha, aliyekuwa akichungulia, alishafunga kanga kiunoni tayari kwa kulia. Regina akacheka, akawaeleza. Mkufunzi aliwafundisha kwamba dawa nyingi za kunyoosha nywele, mafuta ya kujichubua na baadhi ya manukato yana kemikali zinazoweza kuvuruga homoni mwilini. Soko huria limeleta kila aina ya kopo, alisema, ila si lazima kila kopo lifike kwenye ngozi zenu, punguzeni mnapoweza. Basi bwenini wakaacha kutia chakula cha moto kwenye plastiki, ambayo nayo ikipata joto hutoa kemikali hizo, na wenye nywele za dawa wakanyoa waanze upya.

"Makubwa," Joha akasema. "Wenzio tunasuka mtindo wa twende kilioni, wewe umetuletea kilio chenyewe."

Hildegarda alicheka. Fundisho hakuliona baya. Mwili ni amana ya Mungu. Lakini likizo ilikuwa ya siku mbili tu, na nywele zisingewahi kuota.

Jumapili baada ya misa Regina alikaa mkekani, mama akapitisha kiganja juu ya vinyweleo vilivyokwaruza. Hapakuwa na pa kushika. Punde binti akataka kuinuka.

"Kaa," mama akasema. "Najua hakuna cha kusuka. Kaa tu."

Regina akakirudisha kichwa, akaanza habari za wodini, na mama hakumkatisha hata mara moja.

Jumatatu, kwenye mlango wa basi, Hildegarda alimshika mkono.

"Zikishikika, mwanangu, usimpe mtu mwingine azisuke."

"Nani tena, mama? Nitakuja nazo timutimu hivyohivyo."

Basi likaondoka. Kwa hesabu ya Hildegarda, zingeshikika karibu na Pasaka.