Kioo cha Vumilia

Raundi ya kwanza timu ya Katoro ilipigwa vibaya na timu ya Isaka. Nahodha wao, Vumilia, alivua hedifoni akapangusa machozi. Hakuwa akilia. Alizaliwa na ualbino, na kioo cha kompyuta aliyopewa katika ukumbi ule wa Shinyanga kiliwaka kama bati jipya juani. Kila alipokikazia macho, yalijifunga yenyewe.

"Nahodha, ndiyo tumekwisha?" aliuliza Mwigulu, dereva wa bodaboda aliyekaa kushoto kwake.

"Nani kakwambia? Zimebaki raundi mbili, na zote ni za usiku."

Mchezo ulikuwa wa mtandaoni: timu mbili za watu watatu watatu, mji uliohamwa na wenyeji wake, na sanduku moja la dawa la kufikishwa langoni. Usiku wa mchezo huo ni giza totoro. Majumbani wengi hulikwepa kwa kuchezea mipangilio mpaka giza linageuka kijivu. Hapa mipangilio ilifungwa, na vioo vyote viliwekwa mwanga mmoja.

Vumilia akamwendea mwandaaji wa mashindano, Mwalimu Pantaleo.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kioo changu kipunguzwe mwanga. Macho yananiuma."

"Marahaba, binti. Pole, lakini sheria ni vioo vyote kuwa sawa. Wenzako watalalamika."

"Watalalamikia nini? Anayepunguza mwanga usiku anajiongezea giza mwenyewe. Hapo nimemwibia nani? Mwite nahodha wa Isaka tumuulize."

Donatus, nahodha wa Isaka, alikuja akitabasamu kwa ushindi wake. "Mwache apunguze, mwalimu. Hata akizima kabisa, mimi sina neno."

"Umemsikia," alisema Vumilia, akarudi kitini na kubonyeza kitufe mpaka kioo kikatulia. Macho yakapumzika. Akavaa hedifoni.

Kule Katoro, dukani kwa mama yake, Vumilia alitengeneza pampu za kunyonya maji kwenye mashimo ya wachimbaji. Macho yake hayakufika mbali, kwa hiyo pampu aliisikiliza kwanza, akajua ubovu uko wapi kabla hajashika spana. Sasa aliusikiliza mji wa mchezoni hivyo hivyo. Mguu juu ya bati una sauti yake, juu ya kokoto una yake.

"Mwigulu, simama. Kuna mtu juu ya paa, kulia kwako. Ngusa, pita nyuma ya kisima, huko kumenyamaza."

Ngusa, mwenzao wa tatu, akapita na sanduku mpaka langoni bila kuguswa. Sasa ilikuwa sare, raundi moja kwa moja.

Raundi ya mwisho, Isaka walibadili mbinu. Walirusha fataki za mwanga, na uwanja ukaripuka weupe.

"Sioni kitu!" Mwigulu alipiga kelele.

Vumilia alikunja uso kidogo tu. Kwenye kioo chake kilichofifia, mripuko ule ulikuwa kama wa kiberiti. Na waliorusha walikuwa wamejionyesha. "Wako wote watatu sokoni," alisema kwa utulivu. "Mwigulu, usitafute kuona. Nyoosha mbele, hesabu hatua ishirini, kata kushoto. Ngusa, mfuate."

Mwigulu akahesabu kwa sauti, ukumbi mzima ukimsikiliza. Kwenye ishirini akakata, Ngusa nyuma yake na sanduku. Lango likafunguka, na mashabiki wa Katoro wakainuka vitini.

Donatus akaja kumpa mkono. "Dada, mimi nilidhani unaomba huruma."

"Niliomba kioo, kaka. Karibu Katoro tucheze tena."

Mwalimu Pantaleo alifika na daftari la sheria. "Mwakani nisibishane na mtu. Niandikeje?"

"Andika: mchezaji anaweza kupunguza mwanga wa kioo chake bila kuomba ruhusa."

Kalamu ilisita. "Bila kuomba ruhusa?"

"Ndiyo, mwalimu. Bila kuomba."

Akaandika.