Mjomba Asiye wa Upande Wowote

Kumbukumbu yangu ya mwisho ni ya Barafu akiliinamia friji la duka la dawa. Tulikuwa tumeitwa asubuhi hiyo kwa haraka. Mwenye duka alisema friji limekufa kabisa, chanjo zitaharibika. Barafu akalizunguka, akaigonga kompresa kwa kidole, kisha akachungulia nyuma na kukuta mtu amechomoa plagi ili achaji simu yake. Akaichomeka tena. Friji likanguruma, na mwenye duka akaanza kuzikagua kucha zake. Tukatoka nje tumebana vicheko. Barafu akawasha pikipiki, nikapanda nyuma na mkoba wa vifaa mapajani, na hapo ndipo kila kitu kinapokatika.

Kinachofuata ni dari nyeupe yenye doa la maji, na mke wangu amenishika mguu kana kwamba ninataka kutoroka.

Tulimwita Barafu kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji kama mimi, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumpandisha hasira. Tulifanya kazi kibanda kimoja tangu ujana wetu, yeye upande wa umeme, mimi upande wa gesi na kulehemu. Wateja walidhani tumezaliwa tumbo moja, na tulikwishachoka kuwasahihisha.

Mke wangu aliniambia kwanza kwamba Barafu yuko wodi nyingine. Kichwa changu kilipotulia kidogo, akanieleza ukweli: gari liliingia upande wetu wa barabara, Barafu akafia pale pale, na alizikwa wakati mimi nimelala hospitalini nikiongea maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Nilielewa kila neno, lakini yote kwa pamoja yalikataa kuingia. Nikamwambia sawa, basi Barafu akipita amwambie arudishe koleo langu. Mke wangu akageukia ukutani.

Waliokuja kunitazama, kila mmoja alikuja na ajali yake. Mmoja alisema gari lilikuwa linalipita lori. Mwingine akasema hapana, lilichomoza kutoka barabara ya pembeni. Yupo aliyeapa kwamba dereva alikuwa amelewa chakari, na yupo aliyejua kwa hakika kwamba ni mwanamke. Walinisimulia mimi, niliyekuwepo, nami nikawa naitikia kama mgeni anayepewa habari za mji wa watu.

Niliporuhusiwa kutoka, mkono umefungwa na kichwa kinavuma, nilikwenda moja kwa moja kwa mama yake Barafu. Siku zile alikuwa bado anapokea watu waliokuja kumpa pole. Viti vilikuwa vimejaa uani, na ndani sebuleni wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Mama akanishika mashavu, akanitazama muda mrefu, akaniuliza kama nimekula. Halafu akatazama nyuma yangu, mlangoni. Mimi pia nikageuka. Miaka yote hiyo hakuna siku niliyoingia nyumba ile peke yangu.

Hapo ndipo nilipomwona yule bwana wa miwani. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko, anaosha vikombe kwenye karai. Alipomaliza vikombe akapanga viti, alipomaliza viti akafagia. Watu walimwita Mjomba. Nilimpenda mara moja, kwa sababu hakunisimulia ajali. Kamba ya kiatu changu ilipofunguka, alipiga goti akaifunga kabla sijaomba, maana kwa mkono mmoja mimi nilikuwa kama mtoto. Akaniuliza, taratibu, Barafu alikuwa mtu wa namna gani.

Kumbe nilikuwa na kiu ya kuulizwa hivyo. Nikamwambia habari za plagi ya duka la dawa, na za siku Barafu alipopeleka friji ghorofa ya nne, mwenye friji aliyeongozana naye akasema nyumba siyo, Barafu akaomba radhi na kulishusha, kisha akakuta ni nyumba ile ile ila mume hakumtambua mkewe aliyefungua mlango, ametoka kusuka. Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akainuka akaenda nyuma ya jiko, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikasema moyoni, huyu alimpenda mpwa wake.

Nikawa naenda kila siku, naye alikuwepo kila siku. Jioni alinisindikiza nyumbani kwa miguu. Tukifika barabara kubwa alisimama ukingoni hata kukiwa kweupe pande zote, akanishika shati, asiliachie mpaka tuwe tumevuka. Nilidhani anahofu kwa ajili yangu.

Siku moja dada yake Barafu alinitania kwamba sisi wa kazini tuna bahati ya kuwa na mzee mchapakazi kama yule. Nikamwambia si wetu, ni wa upande wa mama yenu. Akakunja uso. Mama hana kaka, akasema.

Nilimkuta Mama chumbani kwake anakunja mashati ya Barafu, anayakunjua, anayakunja tena. Nikamuuliza Mjomba ni nani.

"Ndiye aliyewagonga," akasema, bila kuinua macho. "Polisi walimwachia kwa dhamana, akaja hapa mwenyewe kuniambia. Usipaze sauti. Vijana wakijua watamvunja mifupa."

Nilikaa kitandani. Nikamuuliza kwa nini hakumfukuza.

"Sijui, mwanangu. Nikiwa peke yangu naona kama mwenzako kasafiri tu, nasikiliza mlango. Nikimwona huyu, najua imetokea." Akakunja shati. "Halafu anaosha vyombo vizuri."

Sikujua kama anafanya mzaha. Nadhani naye hakujua.

Nilitoka nikamkuta Mjomba karibu na bomba, anajaza ndoo. Njiani kutoka chumbani nilikuwa nimepanga la kumfanya, na mkono wangu mzima nilikuwa nimeukunja ngumi. Lakini alipogeuka aliangalia kwanza viatu vyangu, kuona kama kamba zimefunguka, na ngumi ikabaki haina pa kwenda.

Nikamwambia Mama amenieleza. Akafunga bomba. Hakuniomba msamaha, alibaki amesimama, maji yanamdondoka vidoleni.

"Ulikuwa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasoma simu. Mtu alituma kichekesho kwenye kundi letu la ofisini." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Hata sikukimaliza."

Nilisubiri kingine, kitu kikubwa kinacholingana na Barafu. Hakikuwepo. Hapakuwa na lori wala pombe. Palikuwa na kichekesho ambacho hakikusomwa mpaka mwisho.

Halafu likanijia jambo lililonishangaza mwenyewe. Kati ya watu wote waliokuwa wakinisimulia, huyu tu ndiye aliyetuona. Nilimchukia, na hapo hapo nikamwomba.

"Ulipoinua macho," nikasema, "sisi tulikuwa tunafanya nini?"

Alifikiri sana, kama anayeogopa kukosea.

"Mlikuwa mnacheka," akasema. "Wewe ulikuwa umemwegemea, unamwambia kitu sikioni. Yeye alikuwa amegeuza shavu kidogo ili akusikie. Hakuniona. Nakuapia, hakupata hata muda wa kuogopa."

Yeye ndiye aliyenikalisha, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na yeye ndiye aliyenishikilia nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nizinduke. Shati lake lilinuka sabuni ya vyombo. Nilitaka atoke, na nilitaka asiniachie, na sikuweza kujua lipi kati ya hayo mawili ni langu.

Kesho yake hakuja. Sijui kama ni Mama aliyemwambia au ni mwenyewe aliyeona imetosha.

Kesi ilikuwa fupi. Karani alisoma jina ambalo sikuwahi kulisikia, na nilibaki natafuta huyo mtu ni nani mpaka Mjomba aliposimama. Alikiri kosa. Wakili wake alieleza kwamba ana watoto na hajawahi kushtakiwa. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba Barafu naye alikuwa mtoto wa mtu. Wote wawili walisema kweli. Akahukumiwa kifungo. Dada yake Barafu alisema miaka ile ni michache mno. Mama alifunga mkoba wake na kuniomba nimsaidie kusimama.

Askari alipokuwa akimtoa, Mjomba alitazama upande wetu. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Dada yake Barafu aliuona, akaniuliza kwa ukali kama nilikuwa namuaga au namlaani.

Nilimwambia ngoja nifikirie. Tukatoka nje, jua likatupiga usoni, tukasimama kwenye ngazi za mahakama watu wakitupita huku na huku, naye bado ananingojea nijibu.