Bibi Harusi Hajafika

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, hadithi hii haina pa kupumzikia.

Bi Raiya binti Nasor alikuwa fundi wa cherehani katika hoteli moja ya Bofa. Mapazia, foronya, sare za wahudumu, vyote vilipita chini ya sindano yake. Lakini jicho lake halikuwa kwenye mapazia. Lilikuwa kwenye piano nyeusi ya ukumbini. Mara tatu alimwomba meneja, Bwana Thuku, amruhusu kuipiga siku za Jumapili, na mara tatu Thuku alimkatalia kwa adabu ile ile.

"Shikamoo, Bi Raiya. Lakini hicho si kinanda cha harusi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu kila mara, akarudi zake kwenye cherehani, ametulia kama paka anayejua mlango wa jiko haufungwi.

Kinanda cha harusi ndicho alichokijua, naam. Marehemu mumewe, Alamin, alikuwa mpiga kinanda wa bendi kule Malindi, na kwenye sherehe za wanawake mwanamume haingii. Ikabidi amfundishe mkewe. Alimwandikia mstari wa wimbo na herufi chache za sauti juu yake, C hapa, G pale, basi. "Mkono wa kulia ni wa wenye wimbo," alimwambia. "Wa kushoto ni wako. Herufi inakuonyesha nyumba tu. Uingie kwa mlango au kwa dirisha, shauri yako."

Miaka thelathini Bi Raiya akaingia kwa madirisha.

Ikaja Krismasi. Watu wa bara walikwisha kufunga mizigo kwenda kwao, na Nicholas, mpiga piano wa hoteli, alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliacha faili la nyimbo juu ya piano. Kijana Laban, aliyeitwa kushika nafasi yake, alilifungua asubuhi ya sikukuu yenyewe, akalifunga.

"Hizi ni nusu," akasema. "Mkono wa kushoto haujaandikwa." Akamaliza soda yake, akaondoka.

Thuku akabaki anajipangusa jasho, na wageni mia mbili waja kula mchana. Bi Raiya alikuwa pale pale akishona pindo la kitambaa cha meza. Akanyoosha shingo.

"Ziko kamili, mwanangu. Wimbo huu, na herufi hizi hapa juu."

"Unajua nyimbo za Krismasi, Mama?"

"Miaka sitini nala pilau ya Krismasi kwa jirani. Wadhani masikio nilikuwa nikiyaacha nyumbani?"

Thuku akakuna kichwa. "Sawa. Wimbo wa mwisho ndio keki inaingia. Keki iguse meza pamoja na noti ya mwisho, mwenye hoteli anataka hivyo. Ikienda vizuri, Jumapili zote ni zako. Ikiharibika, usiniulize tena."

"Niletee mto basi. Kiti hiki kifupi."

"Mito ni ya wageni."

Bi Raiya, aliyeishona mito hiyo yote kwa mkono wake, akakunja leso yake, akaikalia.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu. Palipoandikwa C alishusha sauti moja nzito, kisha vidole vikapanda polepole kama mtu apandaye ngazi na taa mkononi. Wageni wakaacha vijiko. Wa pili ulikuwa wa furaha, akautilia chini mwendo wa chakacha, ngoma ya wanawake harusini, na mama mmoja mnene akaona kiuno chake kimekwisha kuanza kucheza bila ruhusa.

Ikafika zamu ya keki. Wimbo ukaanza, ukafika katikati, na mlango wa jiko u kimya. Nzai, mpishi wa kutoka Ganze, akachungulia, akatikisa kichwa. Kigari cha kusukumia keki kilikuwa kimevunjika gurudumu kwenye kijia cha mchanga nyuma ya jiko. Karatasi ilibakiwa na mstari mmoja. Thuku akafumba macho.

Lakini ni bibi harusi gani aliyewahi kufika kwa wakati? Mara hina haijakauka, mara wifi amenuna. Na mpigaji hatui mpaka bibi harusi akae. Bi Raiya akaupandisha wimbo hadi kizingitini mwa C, ile noti ya mwisho, mkono wa kushoto ukageuka ghafla, ukaingia A ya huzuni. Hodi, bado. Akarudi mistari minne nyuma.

Mzunguko wa pili aliupeleka wimbo chini kabisa, ukanguruma. Wa tatu akaupeleka juu, ukalia kama vijiko ndani ya bilauri, watoto wakacheka. Wa nne akarudisha chakacha, na ukumbi mzima ukampigia makofi ya kufuata mwendo. Kila C ilipokaribia, akaikwepa. Hakuna mgeni aliyejua kwamba wimbo ulikwisha zamani.

Ndipo wakaingia wapishi wanne, keki wameibeba juu ya mlango wa kabati, juu juu kama mwali. Bi Raiya akaishika G, akaitetemesha, hatua kwa hatua, macho kwenye mikono ya Nzai. Keki ikashuka. C ikashuka nayo, mikono yote miwili, toka chini hadi juu.

Vigelegele vikaanzia jikoni. Ukumbi ukasimama.

Makofi hayajaisha, Thuku akaja mbio, kwapani ana mto wa hariri wa chumba cha mwenye hoteli.

"Uweke vizuri, mwanangu," akasema Bi Raiya, akijiinua kidogo tu. "Nitakaa sana."