Nyasi za Njombe

Hosiana alikuwa akimwagilia viriba vya nyasi kwenye kitalu chake kando ya barabara ya Segese wakati bosi Pantaleo aliposhuka kwenye pikipiki. Alitaka nyasi za mapambo, zile ndefu zenye mikia laini kama ya paka.

"Shikamoo, bosi. Hizo zimetoka Njombe," Hosiana alisema, macho chini. "Zimezoea baridi. Jua la huku linaziua. Chukua ukoka."

"Ukoka kila mtu anao. Mimi nafungua baa."

Baa ilijengwa juu ya duara lake, lile shimo la dhahabu lililoporomoka wakati wa masika likiwa na wachimbaji ndani. Ngusa, kaka yake Hosiana, alikuwa mmoja wao. Watu walianza kufukua, bosi akawasimamisha, akasema udongo ni hatari. Akaleta katapila likasawazisha. Nyumbani Kharumwa, mama yao alikuwa bado analala chini, maana matanga hayaanuliwi mtu hajazikwa.

Hosiana alizipanda nyasi mwenyewe, akijua zitakufa.

Hazikufa. Zilizobaki kitaluni zilibabuka na jua zikaisha, lakini za juu ya duara zilinenepa na kutoa mikia. Siku moja Hosiana alipiga magoti, akaingiza kiganja kati ya mashina. Hewa ya baridi ilikuwa inatoka chini, inakatika, inatoka tena. Nyasi zote ziliinuka na kulala pamoja, kama kifua cha mtu aliyesinzia. Karibu na jiko la nyama choma, pumzi moja ilikuwa na mluzi mwembamba. Ngusa alipumua hivyo tangu utoto, pua moja imeziba.

Alimwambia bosi.

"Nimeona," Pantaleo alijibu. "Ndiyo maana zimestawi."

"Basi tufukue. Nikamzike nyumbani."

"Utamzikaje mtu anayepumua?"

"Kama anapumua, tumtoe."

"Na nyasi je?" bosi aliuliza. "Ndiyo kwanza zimeshika."

Kwenye ofisi ya wilaya walimsikiliza vizuri. Walisema aliyekufa hafukuliwi bila kibali, na anayepumua hatolewi kibali cha maziko. Wakamwambia asubiri.

Wateja wa baa walizizoea nyasi. "Leo wamelala fofofo hawa," alisema mmoja akitafuna nyama. "Huyu wa hapa anapiga mluzi kama shemeji yako akilewa!" Wakacheka, wakaagiza nyingine.

Hosiana alichimbua shina moja kutoka pale penye mluzi, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji, akalipeleka Kharumwa ili mama apate cha kuzika. Walilipanda pembeni ya kaburi la baba. Kabla ya jioni lilikuwa limekauka.

"Hapa chini hapana mtu," mama alisema.

"Baba yupo."

"Baba yako alishamaliza kupumua. Nipeleke huko."

Walifika Segese Jumapili, baa ikiwa bado tupu. Mama alivua kandambili zake, akanyanyua mguu. Abel, mlinzi, akaja mbio akionyesha kibao kilichoandikwa USIKANYAGE NYASI.

"Shikamoo, mayu. Samahani sana. Hairuhusiwi."

"Marahaba. Ni mwanangu huyo."

"Najua, mayu. Huyu wa mluzi. Lakini bosi ataniuliza mimi."

Alimletea kiti cha plastiki, akakiweka pembeni kwenye saruji. Mama alikaa, akainama, akanyoosha mkono hadi majani yakamgusa kiganja. Yaliinuka, yakalala. Mluzi ulisikika, kisha ukasikika tena. Hosiana alichukua mkasi akapunguza mikia iliyokauka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa pale.

Jua liliposhuka wateja walianza kujaa. Abel alirudi, akasimama kidogo, akaomba kiti.

Mama alimpa. Akakaa chini kwenye saruji, kama alivyozoea kukaa nyumbani, mkono wake ukiwa palepale.